Beji Zisizo na Kofia

Nimekabidhi makoleo na funguo. Nyinyi vijana wa karakana mmeniomba niandike habari za kazi, maana mnasema nikizungumza mnasahau. Mimi nasema nikizungumza hamsikilizi. Haya, naandika. Shule nilikaa hadi darasa la pili. La tatu nililiona dirishani nikipita na ng'ombe wa baba. Kwa hiyo mkikuta herufi imelala, isimamisheni wenyewe, msinitumie mtu wa kuja kunisahihisha.

Mishahara sitaitaja. Mliokuwepo mnaijua, na ambao hamkuwepo mtacheka. Vyeo navyo niliviacha wavivae wengine. Mimi niliitwa Fundi tangu siku niliyojua kushika tupa, na hata leo nikikaa barazani naitwa Fundi. Nitaandika habari za shaba, kwa kuwa ndiyo iliyonilisha, na habari za beji za askari, kwa kuwa kazi yangu ya mwisho mle ndani ilikuwa ya beji. Kuna kati yenu walionicheka siku ile waliponiona nakisemesha chungu cha kuyeyushia. Nimewasikia. Masikio yangu hayajastaafu.

Nilianza Shinyanga mjini, vita vya Burma vikiwa bado vinapiganwa. Nilikuwa kijana mwenye mabega, nabeba marobota ya pamba, hadi robota moja liliponiangukia mguuni. Nikiwa nachechemea hivyo nikapita Ngokolo, penye kibanda cha mfua shaba mmoja mtu wa Tabora, Mzee Ramadhani. Akautazama mguu, kisha akaitazama mikono.

"Mguu huo haubebi kitu mwezi huu," akasema. "Mikono ina kazi gani?"

"Haina, mzee."

"Basi keti hapo uvukute."

Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kuajiriwa.

Kuvukuta watu wanadhani ni nguvu. Ukivukuta kwa pupa, moto unaruka juu na kuiacha shaba chini imelala baridi. Unavukuta kama mtu anayepumua usingizini, na unatazama rangi. Siku ya kwanza mzee aliniambia neno moja tu: "Usisimame upande unakokwenda moshi." Nikasimama huko huko, maana nilitaka kuona vizuri. Shaba inapochemka hutoa moshi mweupe, mtamu mdomoni, na jioni yake nilitetemeka kama mwenye homa ya malaria. Mke wa mzee akaniletea maziwa mabichi, anacheka. "Kunywa, mwanangu. Shaba imekusalimia tu." Nyinyi mna feni na madirisha, lakini maziwa yale yale bado ndiyo dawa, msione aibu kuyanywa.

Tulitengeneza njuga za wacheza ngoma, bangili, tukaziba mabirika, tukatia bati masufuria ya wenye hoteli. Malighafi yetu ilikuwa takataka za watu: vipande vya bomba, vitasa, maganda ya risasi. Kisha vita vikaisha, na askari wakaanza kurudi. Walitembea na makoti yao mazito katika jua la Shinyanga, jasho linawachuruzika, lakini koti hawavui. Wakatuletea vifungo, bizimu za mikanda, na beji za kofia. Beji ilikuwa ya shaba nzuri, safi kuliko vitasa: baragumu lenye kamba, katikati namba ya kikosi, na nyuma vijiguu viwili vya kushikia kwenye kofia. Mtu alikuja na beji, kofia yenyewe hujui iko wapi.

Mzee Ramadhani hakuitia beji yoyote motoni kabla ya kumwuliza aliyeileta, "Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe si mimi, mzee? Hunioni?"

"Nakuona, tumbo limetangulia. Leta."

Akacheka, tukacheka, beji ikaingia chunguni na vitasa. Lakini siku moja alikuja mmoja mrefu, mwembamba, akaweka mbili juu ya fuawe. "Hii yangu," akasema. "Hii ya mwenzangu."

"Mwenzako yuko wapi?"

"Amebaki."

Hilo ndilo neno walilokuwa wakilitumia. Sikuwahi kumsikia askari akisema mwenzake amekufa. Amebaki Burma. Kama vile wengine walipanda meli na yeye akachelewa. Mzee aliichukua ile ya pili akaiweka ndani ya kikombe cha bati juu ya rafu, akamwambia yule mrefu aende akawatafute ndugu za mwenzake, waje wenyewe.

Kwa ambao si Wasukuma, nieleze. Kwetu aliyekufa hupewa mtoto wa kubeba jina lake, na mtoto yule huvishwa kitu, mara nyingi bangili. Tunakiita shitongelejo. Ndipo marehemu anapojua pa kufikia, na walio hai wanajua pa kumwitia. Aliyefia nyumbani ana kaburi pia, ana mti alioupanda, ana kigoda chake. Aliyebaki Burma ana beji tu. Kwa hiyo ndugu walikuja na beji wakaomba bangili, na Mzee Ramadhani aliwatengenezea kwa sharti lake: shaba ya aliyebaki inayeyushwa peke yake. Haichanganywi na ya mtu mwingine wala na kitasa cha mlango. Chungu kinasuguliwa upya kwa kila mmoja. Mkaa ulikwisha upesi, na mimi ndiye niliyekuwa nasugua.

Nikamwuliza, "Mzee, wewe Mwislamu, mambo ya mizimu yetu yanakuhusu nini?"

"Hayanihusu. Nitaulizwa ya kwangu." Akageuza kipande kwa koleo. "Katika vita vya kwanza nilikuwa mpagazi. Mtu akianguka tunamfukia kando ya njia, wawili watatu shimo moja, mzigo wake anapewa anayefuata. Kule hatukuwa na nafasi ya kuchagua. Hapa mkaa ni wangu. Vukuta."

Nilikaa kwake hadi mkono wangu ukawa hauhitaji kuangaliwa. Kisha nikasikia mgodi mmoja upande wa Geita unatafuta mtu anayeweza kumimina bushi za shaba, zile pete zinazoshika mhimili wa pampu. Walikuwapo wenye vyeti. Waliambiwa wamimine, zikatoka na matundu kama maandazi. Mimi sikuwa na cheti, nilikuwa na kalibu zangu za udongo nilizozikausha vizuri. Nikamimina. Sisemi zaidi, bushi zilisema.

Msimamizi wa mashine pale alikuwa Mzungu tuliyemwita Bwana Miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ugonjwa mmoja: beji. Alizinunua kwa kila aliyekuja nazo, akazipanga nyumbani kwake juu ya ubao uliofunikwa kitambaa cha kijani. Siku moja akaja karakanani na moja mkononi.

"Fundi, hii nakwisha vunjika mguu. Weka mguu mpya."

Nikaulehemu, mguu ukakaa hata mahali palipounganishwa hapaonekani. Nilipokuwa namrudishia, mdomo ukatangulia kwa mazoea. "Mwenyewe yuko wapi, bwana?"

Akageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu. "Mwenyewe? Mwenyewe mimi. Mimi nanunua."

Alikuwa anajua mengi. Beji ya kiwanda gani, ya mwaka gani, kwa nini kamba ya baragumu hii ni nene na ile nyembamba. Alizijua kama mchunga anavyojua ng'ombe, isipokuwa hakujua zimetoka zizi gani. Nikaendelea kumtengenezea miguu, sikuuliza tena. Kazi ni kazi.

Kiangazi kimoja, asubuhi, akaja mwanamke mtu mzima mlangoni pa karakana, miguu imejaa vumbi hadi magotini, kitambaa cheusi kichwani. Mlinzi alitaka kumfukuza. Nikamwona, nikatoka.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa kwetu, kama mtu anavyomwamkia mama yake.

"Mwangaluka. Wewe ndiye Shija, fundi wa shaba?"

"Ndimi."

Alikuwa Mama Masanja, ametoka upande wa Segese, nusu kwa lori, nusu kwa miguu. Mwanawe Masanja alibaki Burma. Mwenzake wa kikosi ndiye aliyemletea beji, na yeye akaihifadhi miaka yote hiyo akingoja mtoto wa kumpa jina. Sasa binti yake amezaa mwana wa kiume, jina limekwishatolewa, mkono wa mtoto uko mtupu. Alipopanda juu ya dari kuishusha beji akakuta haipo. Shemeji yake alikuwa ameibadilisha kwa tumbaku kwa mchuuzi wa Segese.

"Mchuuzi nikamfuata," akasema. "Akaniambia beji zote anamletea Mzungu wa mashine huku, anazitundika ukutani kama kalenda. Mume wangu amekufa. Nikifa na mimi, Masanja hana wa kumwita. Huyo shemeji ataita tumbaku."

Tukaenda kwa Bwana Miwani saa ya chakula cha mchana. Mpishi wake, Athumani, mtu wa pwani, alitupokea mlango wa jikoni. Alitutazama miguu.

"Fundi, umeleta vumbi la mkoa mzima."

"Lalamikia vumbi langu, la mama usiliguse. Mwambie bwana kuna mwenyewe wa beji."

Nadhani ni hilo neno mwenyewe lililomtoa Bwana Miwani mezani. Akauleta ubao jikoni, akauegemeza kwenye kabati la vyombo. Nikamweleza. Akatafuta kwa kidole, akaonyesha safu moja: beji saba, baragumu lile lile, namba ile ile. Hizo ndizo zilizotoka kwa mchuuzi wa Segese na wenzake wa huko.

"Iko hapa," akasema. "Moja katika hii. Mama nachagua."

Mama Masanja akazichukua moja moja, akazilaza kiganjani, akazigeuza. Akazirudisha zote. Akaweka mikono magotini.

"Ilikuwa na alama gani, mayu?" nikamwuliza.

"Sijui."

"Mkwaruzo? Tundu?"

"Shija, mimi niliitia kwenye kitambaa, kitambaa kwenye kibuyu, kibuyu darini. Sikuifungua. Ningefungua niangalie nini? Sura ya beji siijui. Naijua sura ya Masanja."

"Mama nasema nini?" akauliza Bwana Miwani. Nikamwambia. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. Kisha akaibandua ile iliyong'aa kuliko zote, akamnyooshea. "Mama nachukua hii. Bure. Yote sawasawa."

Yule mama alirudisha mkono nyuma kama aliyeonyeshwa kaa la moto. "Mwambie hiyo huenda ni ya mtoto wa mwanamke mwingine. Nikimvisha mjukuu wangu, atakuja mtu anamtafuta mama yake, ananikuta mimi. Na Masanja wangu atabaki hapa, anaangaliana na sufuria."

Athumani alikuwa anamenya vitunguu. Akaacha.

Nikamwuliza bwana kama atatoa zote saba. Akapitisha kidole juu ya safu yote. "Saba hapana, Fundi. Hii kazi ya miaka mingi." Alisema ukweli wake, na mimi namheshimu mtu anayekataa waziwazi. Lakini yule mama alikuwa ameanza kujifunga kitambaa chake vizuri, kama mtu anayejiandaa kurudi alikotoka, na nikaona kwamba akitoka mlango ule, Masanja amekwisha.

Nikafikiria tupa.

"Mayu," nikasema, "mzee aliyenifundisha alinikataza kuchanganya shaba ya watu. Nimefuata sharti lake hadi leo. Lakini nikipiga tupa nyuma ya kila moja, nikakusanya unga wake, nikauyeyusha pamoja, Masanja yumo. Hana pa kukosekana. Ila hatakuwa peke yake."

Akaniangalia. "Watakuwa saba?"

"Saba. Na sikufichi, mwingine labda ni mzima, yuko Kahama anakunywa pombe."

"Huyo mzima hatasikia akiitwa. Hawa wengine, wote walikuwa huko?"

"Ni kikosi kimoja."

Akafikiri. Nikaona uso wake umelegea kidogo. "Masanja hakuwahi kuja nyumbani peke yake," akasema. "Kila akitoka machungani anakuja na wenzake, kundi zima, mimi nagomba kwamba ugali hautoshi. Na walikula ukatosha. Piga tupa."

Bwana Miwani akauliza, "Nyuma tu?"

"Nyuma tu, bwana. Ukiitundika huoni."

"Mimi naona," akasema. "Mimi najua iko." Lakini akazibandua yeye mwenyewe, zote saba, akazitia kwenye kofia yake, tukarudi naye karakanani.

Sasa hapa sikilizeni, maana hili hamlijui. Unga wa tupa haumwagwi chunguni ovyo. Unaungua kabla haujayeyuka, unabaki na majivu. Kwanza pitisha sumaku juu ya karatasi, maana tupa nayo humwaga chuma chake. Kisha uufungashe kwenye karatasi, uukandamize, uutie dawa ya kulehemu, ufunike kwa vumbi la mkaa. Moto uwe tayari mkali kabla hujautia. Nilipiga tupa nyuma ya beji hadi zikawa nyembamba kama kucha, uso wa baragumu sikuugusa. Bwana Miwani alikaa juu ya debe akitazama, kila mlio wa tupa anakunja shavu.

Katikati ya kazi akauliza, "Masanja mtu gani?"

Nikamtafsiria mama. Akacheka kwa mara ya kwanza. "Mwambie alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Akiimba, ng'ombe wanahama. Na alikuwa anaogopa vyura. Mtu mzima, mabega hayo, chura akiruka anapanda kigoda. Wakampeleka nchi ya mvua."

Bwana Miwani aliposikia habari ya vyura akacheka, kisha akaacha, akainama akatazama zile beji ndani ya kofia.

Kipimo cha mkono wa mtoto mama alikuwa nacho, uzi uliofungwa fundo. Nikaandaa kalibu. Shaba ilipogeuka ile rangi ya mafuta ya moto, nikamwambia asogee, asimame upande usio na moshi. Akainama kidogo. Hakupaza sauti, alisema kama mtu anayekaribisha watu waliosimama uani.

"Masanja, pita. Na hao wenzako, piteni. Majina yenu siyajui, mtanisamehe. Mkifika nyumbani kaeni chini, mle."

Nikamimina. Ilitoka bangili nyembamba, haikung'aa sana, rangi yake imefifia kidogo. Akaifunga katika kitambaa. Bwana Miwani alimpa lifti ya gari la mgodi hadi njia panda, na hakuna aliyethubutu kumwuliza kwa nini.

Nilipokwenda Shinyanga baadaye nilimweleza Mzee Ramadhani. Alikuwa amezeeka, anasikia kwa sikio moja.

"Umechanganya?"

"Nimechanganya, mzee."

"Mama alijua?"

"Ndiye aliyesema piga tupa."

Akatafuna tambuu yake. "Basi hukuchanganya wewe. Amewachukua mama. Moto ulikuwa mkali?"

"Ulikuwa mkali."

"Haya." Na hiyo ndiyo sifa kubwa aliyopata kunipa.

Bwana Miwani hakuacha kununua beji. Ila tangu siku ile kila aliyemletea alimsikia akimwuliza, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika miguu, "Mwenyewe wapi?" Akiambiwa amebaki, anamrudisha nayo aipeleke kwa ndugu za huyo aliyebaki. Wachuuzi walimwona amechanganyikiwa. Alipoondoka nchini, miaka ya hamsini ikielekea mwisho, alinipitia karakanani akaniachia moja. "Hii nauliza watu wote, Fundi. Hakuna mtu najua." Nikaiweka ndani ya kikombe cha bati juu ya rafu, kama alivyofanya Mzee Ramadhani. Ndicho kikombe hicho mlichokuwa mnatilia misumari yenu.

Sasa siku ile mliyonicheka. Mlimwona yule kijana aliyekuja kutoka Bulyanhulu, mchimbaji, mkono mnene kama mchi wa kinu. Bangili imembana hadi nyama imevimba pande mbili. Bibi yake alikuwa ameipanua mara kadhaa kwa mafundi wa njiani, sasa haipanuki tena, na bibi mwenyewe amekwisha kufa.

"Shikamoo, Fundi. Mimi Masanja."

"Marahaba. Nakuona. Vyura unaogopa?"

Akashtuka. "Nani amekwambia?"

Nikaikata kwa msumeno mdogo, taratibu, kitambaa chini yake. Shaba haikutosha mkono ule, ilitaka kuongezwa. Mmoja wenu aliniletea kipande cha kitasa. Nikakirudisha. Nikakishusha kikombe, nikamwaga misumari yenu, nikaitoa ile beji.

"Bibi yako alisema nini juu ya wageni?" nikamwuliza.

"Alisema kila siku akimwita Masanja aite na wenzake. Akija mwingine, wasogee apate pa kukaa."

Hii sikuipiga tupa. Niliitia nzima chunguni juu ya ile bangili, na baragumu na namba yake na vijiguu vyote viwili. Nikavukuta mwenyewe, kama nilivyofundishwa. Na ilipoanza kulegea, ndipo mkaniona mdomo unakwenda, mkapeana viwiko. Nilikuwa nasema hivi: Jina lako silijui, nimeliuliza sikupata. Nenda na huyu kijana. Kule kuna Mama Masanja. Atakuuliza kama umekula.